Bezaleli Alipewa Sabato Kabla Hajashika Patasi

Watu wanaotunga, wawe watunzi wa nyimbo, washairi au waandishi wa maigizo ya kanisani, huulizana swali moja mara kwa mara: je, uzito huu ninaouhisi unaniambia nipumzike, au ni kishawishi cha kuiacha kazi ambayo Bwana amenipa? Mimi hutunga nyimbo za kwaya ya usharika, kazi ifanyikayo usiku baada ya kazi ya mshahara, na nimesikia swali hilo likijibiwa kwa namna mbili, zote kwa uhakika mkubwa. Wapo wasemao kwamba aliyeitwa hachoki, na wapo wasemao kwamba ujumbe usipokuja mtu asiulazimishe. Majibu yote mawili hayanitoshelezi, kwa sababu yanaliacha jambo hili mikononi mwa hisia za siku hiyo, na Maandiko hayaliachi huko.

Mahali ninaporudi mara nyingi ni Kutoka sura ya 31. Hapo Mungu anamwita kwa jina Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, na kumjaza Roho, hekima na maarifa ili abuni kazi za dhahabu, fedha na shaba, akate vito na kuchonga mbao. Anampa na mwenzake, Oholiabu wa kabila la Dani. Baada ya maagizo marefu kuhusu sanduku, meza, kinara na mavazi ya makuhani, msomaji angetegemea kwamba neno linalofuata ni la kuwahimiza waanze. Linalofuata ni sabato: siku sita kazi ifanyike, na siku ya saba watu wastarehe. Katika sura ya 35, Musa anapoukusanya mkutano ili kazi ianze kweli, anaitanguliza sabato tena, na kuongeza kwamba siku hiyo moto usiwashwe katika makao yao. Nadhani mafundi wa metali waliuhisi uzito wa katazo hilo kuliko watu wengine kambini, maana pasipo moto dhahabu haiyeyuki. Kama kungekuwa na kazi ya kustahili ruhusa ya kuivunja sabato, ingekuwa hii ya kumjengea Mungu maskani, na ruhusa hiyo haikutolewa.

Kwa hiyo sehemu moja ya swali letu ilikwisha kujibiwa kabla mtunzi hajafungua daftari. Lipo pumziko ambalo halitegemei kama nimechoka, wala kama beti la mwisho limekamilika, wala kama tamasha la jimbo limekaribia. Kutoka 34 inaagiza pumziko la siku ya saba hata wakati wa kulima na wakati wa kuvuna, na kila aliyekulia shambani anajua kwamba hizo ndizo nyakati ambazo siku moja ikipotea huuma. Hapa wanakwaya tuna ugumu wetu wenyewe, kwa kuwa Jumapili yetu ni siku ya utumishi: ibada ya kwanza, ibada ya pili, kisha mazoezi mpaka alasiri. Mtunzi wa namna hiyo anapaswa kuchagua wakati mwingine, awaambie watu wa nyumbani mwake na mwalimu wa kwaya, na kuulinda wakati huo hata siku ambayo tuni nzuri inamjia akilini. Tuni ikija, nairekodi kwenye simu na kuiacha hapo. Sioni kwamba Mungu aliyeitoa atashindwa kuitunza hadi kesho yake.

Kinyume cha mafundisho haya huletwa kwetu mara nyingi kwa kutumia habari za mtunzi wa muziki George Frideric Handel. Kwaya nyingi huimba "Haleluya Kuu" wakati wa Pasaka, na pamoja na wimbo huo husimuliwa kwamba Handel aliandika Messiah, kazi ndefu ya kwaya ambamo wimbo huo umo, kwa siku 24, tangu 22 Agosti hadi 14 Septemba 1741. Habari hiyo ni ya kweli. Lakini wasimuliaji huacha kusema kwamba maneno yote alikuwa amekwisha kupewa na Charles Jennens, aliyeyakusanya kutoka katika Biblia, na kwamba baadhi ya korasi zinatokana na nyimbo za sauti mbili ambazo Handel mwenyewe alikuwa amezitunga Julai ya mwaka huohuo. Tena huachwa mwaka 1737, ambapo mkono wake wa kulia ulipooza, ikambidi asafiri hadi Aachen, Ujerumani, kuoga katika maji ya moto mpaka akapona. Sidai kwamba alikuwa mfano wa mtu wa mapumziko, kwani baada ya Messiah aliendelea moja kwa moja na kazi nyingine kubwa, Samson. Ninachosema ni kwamba si haki kumpa kijana wa kwaya zile siku 24 peke yake kama kipimo cha imani yake.

Hata hivyo, kuna wakati kupumzika ni kutotii, na kitabu cha Hagai kinalisema hili bila kuficha. Waliorudi kutoka Babeli waliweka msingi wa hekalu, wakapingwa na majirani zao, wakaogopa, kazi ikasimama kwa takribani miaka 16. Kufikia mwaka wa pili wa Dario, mfalme wa Uajemi, yaani mwaka 520 kabla ya Kristo, woga ule ulikuwa umegeuka kuwa mazoea, na mazoea yakajifunza kusema kwa lugha ya kiroho: wakati wa kuijenga nyumba ya Bwana haujafika. Wakati huohuo nyumba zao wenyewe zilikuwa zimepambwa kwa mbao. Nabii hakuwaambia wasubiri mpaka moyo uwashwe. Aliwaambia wapande mlimani, walete miti, wajenge. Kazi ilianza mwezi uleule, na mwaka 515 hekalu likakamilika. Kwa hiyo ninaposema kwamba wimbo fulani bado haujaiva, najiuliza ni kitu gani hasa ninachokisubiri, na usiku huo nguvu zangu ninazitumia wapi. Nikiona kwamba kwa mambo mengine ninazo, basi ninachokiita uchovu ni hofu ya kusikilizwa, na dawa ya hofu hiyo ni kukaa chini na kuandika sauti ya besi hata kama haitapendeza mara ya kwanza.

Uchovu wa kweli nao unayo sura yake. Nabii Eliya chini ya mti wa mretemu, katika 1 Wafalme 19, hakuchagua kazi moja na kuikimbia nyingine. Alikuwa hataki hata kuishi. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimpa usingizi, mkate na maji, akamrudishia usingizi, kisha chakula tena, kwa sababu safari ilikuwa kubwa mno kwake. Swali la "Unafanya nini hapa, Eliya?" lilikuja baadaye, kule mlima Horebu, na pamoja nalo kazi mpya na mtu wa kumsaidia, Elisha. Mtu aliyefika hapo asihimizwe na kwaya yake kwa Zaburi za vita. Apikiwe, alale, na wimbo wapewe wengine waumalizie.

Kati ya hali hizo mbili kuna siku nyingi zisizo wazi, na Hesabu 9 inanisaidia kwa sababu inakiri kwamba vipindi havilingani: wingu lilikaa juu ya maskani pengine usiku mmoja, pengine siku mbili, mwezi, au zaidi, na watu walisafiri au kutulia kulifuata. Tena wingu lilionekana na kambi nzima. Nimejifunza kutoamua peke yangu usiku wa manane, bali kumuuliza mke wangu na mwalimu wa kwaya, ambao huuona uso wangu wakati mimi siuoni.

Na ipo njia nyingine tunayoisahau, nayo ni kupunguza. Katika Kutoka 36 mafundi walimwendea Musa kumweleza kwamba watu wanaleta vitu kupita mahitaji, naye akatangaza kambini kwamba wasilete tena, kwa kuwa vilivyokuwapo vilitosha na kuzidi. Pasaka iliyopita nilikuwa na wimbo wa beti nne, na mawili ya mwisho yalikuwa bado kupata sauti zote. Tulikubaliana na mwalimu kwamba kwaya iimbe mawili yaliyokamilika na kurudia kiitikio, na ndivyo ulivyoimbwa, sauti zote nne zikiwa zimejulikana vizuri. Yaliyobaki niliyafungua baada ya Pentekoste, na moja kati yake nililifuta kabisa, kwa kuwa kiitikio kilikuwa kimekwisha kulisema neno lake.