Kabla Hujamnyang'anya Mwanao Ile Riwaya ya Mapenzi

Mzazi akikuta riwaya ya mapenzi chini ya mto wa mtoto, kawaida hupekua kurasa mbili tatu akitafuta busu. Akilikuta, kitabu kinafungiwa kabatini, asipolikuta, kinarudishwa. Kwa mtindo huo vitabu vibaya hupita na vizuri huzuiwa. Busu linaonekana upesi. Kazi ni kujua hadithi inasifia nini, na hilo halionekani kwa kupekua.

Anza na umri, lakini usiutazame kwenye jalada la mbele. Siku hizi riwaya za watu wazima, zenye matukio ya chumbani yaliyoelezwa waziwazi, huvalishwa majalada ya vikatuni vya rangi tamu kama vile ni za watoto. Geuza nyuma, au soma ukurasa wa haki za mchapishaji. Vitabu vya vijana huandikiwa wasomaji wa miaka 12 hadi 18, na wachapishaji wengi huandika “12 na kuendelea” au “14 na kuendelea”. Tofauti ya hiyo miaka miwili si ndogo. Kama hakuna alama yoyote, tazama umri wa wahusika wakuu: wakiwa chuo kikuu au kazini, kuna uwezekano mkubwa kitabu hakikuandikiwa mwanafunzi wa sekondari.

Kisha soma, ila si lazima usome chote. Kwa kitabu cha kurasa 300, soma 30 za mwanzo, halafu 140 hadi 180, halafu kuanzia 220 hadi mwisho. Riwaya nyingi za mapenzi huwakutanisha wahusika mapema, huwaacha wakaribiane kimwili katikati, na huwagombanisha karibu na robo ya mwisho. Kama ni kitabu cha kwenye simu, tumia sehemu ya kutafuta: andika maneno kama “kitanda”, “pombe”, “kisu”, uone yanatokea wapi. Njia hii ina kasoro moja: ukatili wa maneno hauna neno lake maalumu, kwa hiyo utakupita.

Na hapo ndipo pa kukaa muda mrefu. Chukua tukio la kawaida la riwaya hizi: mvulana anamnyang'anya msichana simu, anasoma ujumbe wake wote, anafuta namba za marafiki wa kiume. Mwandishi mmoja ataandika kwamba msichana “moyo ulimdunda; hakuna aliyewahi kumpenda hivi.” Mwingine ataandika kwamba alinyamaza, akarudi nyumbani, na kesho yake akamsimulia dada yake. Tukio ni lilelile. Kitabu cha kwanza kinamfundisha msomaji kwamba kubanwa ndiko kupendwa, na huenda hakina hata busu moja. Cha pili kinaweza kuwa na mabusu kumi na bado kikafaa.

Kwa hiyo ukisoma, fuatilia neno “hapana”. Likisemwa, mwenzake anafanya nini? Anaacha, ananuna, au anasisitiza hadi akubaliwe, na hadithi inauita usumbufu huo uvumilivu? Tazama pia pengo la umri na la mamlaka: mwalimu na mwanafunzi, bosi na kibarua. Na yule msichana ana rafiki, masomo, ugomvi na mama yake, au maisha yake yote ni kusubiri ujumbe wa mtu mmoja? Jeuri ikitokea si sababu ya kukataa kitabu. Jeuri ikisamehewa kwa sababu “ana historia ngumu”, shika kalamu uandike namba ya ukurasa.

Mfululizo una mtego wake. Wahusika hukua, na kitabu cha tatu au cha nne mara nyingi ni kikali kuliko cha kwanza, ilhali mzazi alikagua cha kwanza tu. Hadithi za intaneti zinazotoka sura kwa sura ni ngumu zaidi: mara nyingi alama ya “watu wazima” huwekwa na mwandishi mwenyewe, sura ya leo haikuwepo ulipokagua jana, na chini yake watu wasiojulikana wanaandika maoni. Kagua maoni hayo, na uone kama mtoto anaweza kutumiwa ujumbe wa faragha.

Ukimaliza, usimhoji kama polisi. Muulize, “Wewe ungekuwa rafiki yake huyu dada, ungemwambia nini?” Akijibu kwamba yule kijana ana wivu uliopitiliza, anasoma kwa macho mawili, mwachie kitabu. Akimtetea kwa nguvu zote, msomee kwa sauti ule ukurasa ulioandika, kisha mnyamaze kidogo. Na kama uamuzi wako ni “bado”, mtajie sura na tukio lililokuzuia, na umwambie mtakifungua tena lini. Ukimwambia tu “hicho kibaya”, atakisoma kwa rafiki yake, na safari hiyo hatakuuliza kitu.