Nilivyoinasa keneli ya Linux kabla haijamaliza kuamka

Kila niliyemuuliza kwa nini kompyuta yangu ya mtumba inachelewa kuwaka alinijibu kitu kimoja: weka SSD. Fundi mmoja akanitajia laki na ushee, kufunga bado. Hakuna aliyejali kujua huo muda unapotelea wapi. Mimi ni mbishi, sinunui kifaa kwa kubahatisha.

`systemd-analyze`, amri inayopima muda wa kuwaka, ilisema sehemu kubwa inaliwa na keneli, yaani moyo wa mfumo wa Linux. Hapo wengi huishia. Kwenye Debian ya kawaida (aina mojawapo ya Linux) namba hiyo imebeba pia kazi za initramfs, kifurushi cha faili ambacho keneli huanza nacho kabla ya kufikia diski, kwa hiyo bado hujajua mla ni nani.

Jamaa mmoja anayejua kila kitu akaniambia: "Weka `ftrace=function_graph`, utaona keneli nzima." ftrace ni kinasa matukio kilichomo ndani ya keneli, na function_graph hukifanya kiandike kila funksheni inayoitwa. Nikaweka. Mashine ikajikokota kama punda wa chokaa, nikapata muda wa kunywa chai. Ilipowaka nikafungua `/sys/kernel/tracing/trace` kwa shauku zote. Maelfu kwa maelfu ya mistari, yote ya sekunde za mwishomwisho, systemd (programu inayowasha huduma baada ya keneli) inahangaika na mambo yake! Mwanzo wa keneli, ndio niliokuwa nautaka, haupo hata chembe. Bufa ya ftrace, yaani sehemu ya kumbukumbu inamoandikia, ni ya mzunguko: ikijaa, inafuta cha zamani ili kuandika kipya. Na function_graph huijaza kufumba na kufumbua.

Jamaa akasema, ongeza bufa. Sawa, kuna `trace_buf_size`, lakini hakuniambia kwamba ukubwa huo hutengwa kwa kila kiini cha prosesa. Ukiandika 500M kwenye mashine ya viini vinne yenye RAM ya GB 4, shauri yako.

Dawa nikaipata mwenyewe kwenye nyaraka za keneli: `trace_options=nooverwrite`. Hii inageuza kibao. Bufa ikijaa, kinachokataliwa ni kipya, cha mwanzo kinabaki salama. Kwa anayefuatilia uwakaji, nini tena unataka? Nikaachana na habari ya kufuata kila funksheni, nikaweka `trace_event=initcall:*`, ambayo huandika tu kila initcall (funksheni inayoandaa sehemu fulani ya keneli wakati wa kuwaka) imeanza lini na imemaliza lini. Pembeni nikaongeza `initcall_debug log_buf_len=16M`: ya kwanza iandike muda wa kila initcall kwenye dmesg (kumbukumbu ya ujumbe wa keneli), ya pili iipanue, maana dmesg nayo hufurika. Msikodolee skrini mkisubiri mistari ya initcall_debug. Huandikwa kwa kiwango cha debug, isomeni kwenye dmesg baada ya kuingia. Haya yote niliyaandika palepale GRUB, programu inayoipakia keneli: bonyeza `e`, ongeza mwisho wa mstari wa `linux`, kisha Ctrl+X. Ukiwasha tena, yamefutika.

(Kama keneli yako inakufa kabla hujapata pa kusoma, kuna `tp_printk`, inayomwaga matukio kwenye koni (skrini ya ujumbe wa keneli) moja kwa moja. Usiiunganishe na matukio yanayotokea mfululizo, itakukwamisha.)

Sasa utamu. Nikapanga initcall zote kwa muda, na zote hazina hatia! Mikrosekunde, milisekunde chache, basi. Lakini kati ya initcall ya mwisho na kuanza kwa `/init`, programu ya kwanza iliyomo ndani ya initramfs, kuna shimo la sekunde kadhaa, kimya kabisa. Hapo ndipo nilipojisikia mpelelezi. Tangu toleo la 5.13, la 2021, keneli hufungua initramfs kando huku ikiendelea na kazi nyingine. `populate_rootfs`, initcall inayohusika na kufungua huko, inakabidhi kazi na kurudi haraka, mikono misafi, halafu keneli inakuja kusubiri mwishoni, mahali ambapo hakuna initcall ya kulaumiwa. Nikawasha na `initramfs_async=0`, inayolazimisha mtindo wa zamani. Ikanaswa: `populate_rootfs` "returned 0 after" mikrosekunde za mamilioni. Nilicheka peke yangu.

Nikafungua `/etc/initramfs-tools/initramfs.conf`. Mwenye mashine wa kwanza alikuwa ameweka `COMPRESS=xz`, ambayo hubana sana lakini prosesa kuukuu hutoa jasho kuifungua, pamoja na `MODULES=most`, yaani draiva za mashine ambazo sijawahi hata kuziona. Nikabadilisha kuwa `lz4`, inayofunguka haraka, na `dep`, nikapiga `update-initramfs -u` ili initramfs iundwe upya. Shimo likabaki chini ya sekunde. Gharama: umeme na chai.

Angalizo kwa watakaoiga: `dep` hubeba draiva za mashine hiyo tu, ukihamisha diski kwenye kompyuta nyingine inaweza kugoma kuwaka. Mimi nimeiacha keneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB na initramfs yake ile nzito, sikuigusa, ya dharura.