Utatu Bila 1 Yohana 5:7

Bwana asifiwe, wapendwa.

Ukipita Bustani ya Jeevanjee, katikati ya Nairobi, saa saba mchana, watu wa maofisini wakiwa wametoka kula, si ajabu kukuta umati umewazunguka wawili wenye Biblia mkononi, wakibishana kuhusu Utatu, yaani Mungu mmoja katika nafsi tatu. "Nionyeshe Utatu umeandikwa wapi!" mmoja husema. Na ndugu yetu hukimbilia 1 Yohana 5:7, palipotajwa Baba, Neno na Roho Mtakatifu wakishuhudia mbinguni.

Naomba tuache kuegemea hapo. Maneno hayo hayamo katika nakala za kale za Kigiriki. Erasmus, msomi aliyechapisha Agano Jipya la Kigiriki, hakuyaweka katika chapa zake za 1516 na 1519. Aliyaingiza 1522 baada ya kulaumiwa. Mpinzani anayelijua hilo hatakusikiliza tena, hata utakaposema kweli. Tukubali pia kwamba neno Utatu halimo katika Biblia.

Kilichomo ni kizito zaidi. Katika Isaya 45 Mungu anasema, "Mimi ni Mungu, hapana mwingine," kisha anajiapia nafsi yake: "Mbele zangu kila goti litapigwa." Sasa fungua Wafilipi 2:10. Paulo, Mfarisayo, Mwebrania wa Waebrania, anaandika kwamba kwa jina la Yesu kila goti lipigwe, na kila ulimi ukiri kuwa Yesu Kristo ni Bwana, "kwa utukufu wa Mungu Baba." Kiapo ambacho Mungu alikataa kushirikiana na yeyote, Paulo anamhesabia Yesu, na Baba hapungukiwi utukufu. Wanaosema fundisho hili lilitungwa katika mkutano wa maaskofu huko Nikea mwaka 325 wanapaswa kuijibu barua hii, iliyoandikwa zaidi ya miaka 250 kabla ya mkutano huo.

Kornelio alipomwangukia Petro miguuni, Petro alimwinua: "Mimi nami ni mwanadamu." Tomaso alipomwambia Yesu, "Bwana wangu na Mungu wangu," Yesu hakumkanya.

Lakini tusiiruke Yohana 14:28, "Baba ni mkuu kuliko mimi." Aliyesema hivyo ndiye ambaye Wafilipi 2:7 inasema alitwaa namna ya mtumwa. Alimwomba Baba kweli, si kwa kuigiza. Ndiyo maana ule mfano wa maji, barafu na mvuke unanisumbua kila ninapousikia ukifundishwa watoto: unamfanya Mungu kuwa mmoja anayebadilisha sura, fundisho la Sabelio, mwalimu wa karne ya tatu, ambalo kanisa lililikataa mapema. Gethsemane, Yesu hakuwa akiongea na nafsi yake.

Kuhusu Roho, Matendo 5:3-4 yatosha: Anania alimwambia uongo Roho Mtakatifu, na Petro akasema amemwambia uongo Mungu.

Wiki hii, kama kuna jirani au mfanyakazi mwenzako mnayebishana naye, someni pamoja Isaya 45:18-25, halafu Wafilipi 2:5-11, kwa sauti, bila kurukia mstari mwingine. Kisha umuulize anavyoelewa, na umpe nafasi ajibu.