Siku Moja Maishani mwa Kapteni wa Dakota ya Kampuni, Pittsburgh 1955

Saa 11 alfajiri. Uwanja wa ndege wa Allegheny County ungali giza. Wengi wa makapteni wa kampuni Marekani wametoka Vita vya Pili vya Dunia, wengine wakiwa na nishani ya Distinguished Flying Cross kwa kuvusha shehena juu ya Himalaya, kutoka India hadi China. Ndege ni ileile Dakota, ileile waliyoipanda abiria wa East African Airways, ila sasa ina viti vya ngozi na wakurugenzi ndani.

Kazi ya kwanza ni kuzungusha pangaboi kwa mkono. Injini ya R-1830 ina silinda 14 zilizopangwa duara, na usiku oili huteremka kwenye silinda za chini. Ukiwasha hivyo, pistoni inagonga oili isiyobanika, konrodi, fimbo inayoishika pistoni, inapinda. Zungusha polepole, hesabu mapanga kumi na mawili hivi kwa kila injini. Likigoma, usilazimishe wala usilirudishe nyuma, maana oili itakimbilia bomba la hewa na kukungoja humo. Fungua plagi za chini, imwagike.

Saa 12. Matangi manne, galoni 822. Kinga mafuta ya chini kwenye chupa ya kioo. Tone la maji huviringika kitakoni kama ushanga. Likionekana, endelea kumwaga.

Saa 1. Oili ifike nyuzi 40 kwanza, ndipo upime maneta, vifaa vinavyozipa plagi cheche. Mizunguko ikishuka zaidi ya 100, mara nyingi ni plagi iliyolowa oili. Hapo hakuna kuruka.

Saa 1:30, angani. Linganisha injini kwa sikio: mngurumo unaopanda na kushuka ukiisha, abiria watalala.

Saa 2:15, mawinguni juu ya milima. Presha ya hewa inayoingia injini inashuka na hakuna aliyegusa gesi: barafu imeingia kabureta. Fungua hewa ya moto. Injini itakohoa ikimeza maji. Usifunge, acha ikohoe.

Saa 3:30, Teterboro, uwanja wa ndege karibu na New York. Mafuta, oili, kungoja.

Saa 11 jioni mkurugenzi anataka kurudi, na Pittsburgh imefunikwa na ukungu. Vitani shehena ilisubiriwa na watu waliokuwa wakipigana. Hapa kinachosubiri ni chakula cha jioni. Kapteni anasema hatuondoki, bila kuomba radhi, na hilo hasa ndilo kampuni inalomlipia. Anachomeka pini za kufunga magurudumu yasijikunje, kisha anapiga simu hotelini kuomba vyumba.