Shanta la Isevya

Hapa Tabora kila kitu chakavu ni "cha Mjerumani". Sufuria lenye tundu ni la Mjerumani, koleo lililopinda ni la Mjerumani. Si ajabu, maana boma lake bado limesimama, na mji alinyang'anywa na Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916. Nilipoanza kukusanya vifaa vya askari wa zamani, shanta langu la kwanza niliuziwa kwa jina hilohilo, na bei nayo ilikuwa ya Mjerumani.

Nikaliloweka kwa sabuni ya unga, nikalianika juu ya bati. Bizimu nikazisugua kwa limau na majivu hadi zikameta. Kufika jioni turubai limepauka, na wino uliokuwa chini ya kifuniko umebaki kivuli. Nilichoambulia kusoma ni 1942 na kialama kama unyayo wa kuku: mshale wa mali ya serikali ya Uingereza. Mjerumani alikuwa ameshaondoka Tabora miaka 26 kabla!

Tangu hapo siloweki kitu. Nageuza kifuniko kwanza, nasoma, ndipo naongea bei. Vumbi nalitoa kwa brashi kavu ya rangi, na kutu ya kijani inayoota pale shaba inapogusana na ngozi naikwangua kwa kijiti. Kinachofanana na risasi au bomu sikigusi hata nikipewa bure. Hiyo ni kazi ya polisi.

Shanta zuri kuliko yote nililiona Isevya, mtaa wa hapahapa Tabora, jikoni kwa bibi mmoja, likining'inia juu ya mafiga. Lilikuwa jeusi kwa masizi, limejaa mbegu za maharage. Moshi ule ule uliofukuza wadudu wa mbegu ulikuwa umelinda na turubai. Marehemu mumewe alikuwa Keya, yaani askari wa jeshi la Mwingereza la King's African Rifles, akapelekwa Bama (Burma) kupigana na Wajapani.

"Shikamoo bibi. Nitakuletea pipa la plastiki, jipya kabisa."

"Marahaba. Mbegu zitapumulia wapi humo, mjukuu wangu?"

Nikaenda kwa fundi cherehani, nikashonesha mfuko wa turubai. Bibi akaupapasa, akakubali. Tukamwaga maharage kwenye ungo, nikageuza kifuniko, nikapangusa masizi taratibu kwa kitambaa kikavu. Chini yake palikuwa na namba iliyoandikwa kwa mkono. Nikaisoma kwa sauti, tarakimu moja moja.

Bibi, ambaye hajui kusoma, akaimalizia kabla yangu.

Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kurudisha maharage ndani ya shanta, kiganja kwa kiganja. Nami nikamshikia mdomo wa shanta.

Nyumbani nina vipande kumi na kimoja, vyote vina kadi zake. Cha kumi na mbili kina kadi tu. Kila baada ya mavuno napita Isevya na brashi yangu, nasafisha bizimu, napewa maharage. Ule mfuko wa fundi, bibi anautumia kuwekea mkaa.