Mita 36 Nyuma ya Goli

Jumapili, usiku

Watoto wamelala, na mezani kwangu kuna karatasi ya hesabu ambayo haina mteja. Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba za watu: vyumba vitatu, sebule, jiko, choo cha nje kwa wenye wageni wengi. Uwanja wa mpira sijawahi kuchora wala sitegemei kuja kuchora. Lakini jana nilikaa mzunguko, viti vya bei nafuu, katika uwanja wa mpira wa Kwa Mkapa, Dar es Salaam, na mpwa wangu, nikarudi na jambo linanikera, na mimi kitu kikinikera huwa nakipigia hesabu.

Goli lilifungwa upande wa pili. Tuliona wavu umetikisika, tukaona watu wa kule wameinuka, na sisi tukainuka kwa kufuata mkumbo. Dogo akanivuta shati: "Mjomba, nani kafunga?" Sikujua. Jamaa wa kulia kwangu naye hakujua, ila alikuwa anashangilia kwa nguvu zote. Mzee mmoja wa safu ya chini yetu, redio ndogo kaibana sikioni, ndiye aliyegeuka akatutajia jina. Yaani tumelipa kiingilio, tumepanga foleni juani, tumepekuliwa, tumekaa kwenye viti vyetu, halafu mfungaji tunatajiwa na redio.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwa Mkapa, uwanja wa mpira umezungukwa na njia za riadha. Njia ya riadha ya kimataifa ina mita 400 kwa mzunguko mmoja. Pande zake mbili zilizonyooka zina mita 84.39 kila upande, na kona zake ni nusu duara zenye nusu kipenyo cha mita 36.5. Pima ukingo wa ndani kutoka ncha moja hadi nyingine, unapata mita 157 na kidogo. Uwanja wa mpira una urefu wa mita 105. Zinabaki 52, gawa kwa mbili, ni 26 nyuma ya kila goli. Ongeza njia nane za kukimbilia, kila moja mita 1.22, karibu mita 10. Jumla mita 36. Hapo ndipo kiti cha kwanza nyuma ya goli kinapoweza kuanza, na bado sijaweka uzio, mabango ya matangazo wala wapiga picha.

Pembeni mambo ni tofauti kabisa. Huko njia zile zile zinakula kama mita 12 tu. Aliyekata tiketi ya katikati anasogezwa nyuma mita 12, na wa nyuma ya goli, ambako kwa kawaida ndiko kwenye bei za kina sisi, anasogezwa mara tatu yake. Wabunifu wa viwanja wanachukulia mita 190 kuwa kikomo kati ya jicho la mtazamaji na kona ya mbali kabisa. Mtu wa safu ya kwanza nyuma ya goli, ukimwekea 36 na 105, ameshatumia 141 kabla hujaanza kupandisha safu nyingine nyuma yake.

Nisieleweke vibaya. Uwanja wa Mkapa ulipofunguliwa mwaka 2007, watu 60,000 kila mmoja na kiti chake, nilitembea kifua mbele kama vile nimeujenga mimi. Sisi tuliotoka Shamba la Bibi, yaani Uwanja wa Uhuru pale jirani, tunajua tulikotoka. Na sishangai kwamba uliwekewa njia za riadha. Nchi isiyo na viwanja vingi inataka uwanja mmoja ufanye kazi zote. Uwanja wa Kasarani, Nairobi, uko hivyo hivyo, ila Wakenya wana hoja: ulijengwa kwa Michezo ya Afrika ya 1987, na mwaka 2021 mashindano ya dunia ya riadha ya vijana chini ya miaka 20 yalifanyika pale pale. Wakenya wanazitumia zile njia. Sisi ni nchi ya Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, dakika 3 sekunde 32.2, lakini mimi binafsi sijawahi kulipa kiingilio cha riadha Kwa Mkapa, na simjui rafiki yangu aliyewahi.

Waitaliano walishalipia somo hili kwa bei ghali. Kwa Kombe la Dunia la 1990 walijenga Stadio delle Alpi mjini Turin, viti karibu 69,000, na njia za riadha ndani yake. Juventus, timu yenye mashabiki Italia nzima, ikawa inacheza mbele ya viti vitupu. Watu waliona bora wabaki nyumbani na televisheni. Mwishowe uwanja ulibomolewa, na mwaka 2011 pale pale ukasimama mwingine wa watu kama 41,000 tu, majukwaa yamesogezwa hadi karibu na mstari. Mdogo, na unajaa. Bayern nao waliuacha uwanja wa Olimpiki wa 1972 pale Munich, wenye lile paa la vioo vya plastiki lililoning'inizwa kwa nyaya, ambalo kwa macho yangu ni moja ya paa nzuri kuliko zote zilizowahi kujengwa duniani, wakahamia Allianz Arena mwaka 2005. Uzuri wa paa haukutosha kuwabakiza.

Halafu kuna suala la kichwa cha mtu wa mbele. Wahandisi wanaliita kwa herufi moja, C. Ni kimo ambacho mstari wa jicho lako unapita juu ya utosi wa aliyekaa mbele yako. Ukipewa sentimita 12 uko raha mustarehe, hata kama mbele yako kuna mama mwenye kilemba. Tisa ni nzuri. Sita unavumilia, unachungulia kati ya vichwa viwili. Chini ya hapo umelipa kiingilio kutazama visogo. Ili C isishuke, kila safu lazima ipande zaidi kidogo ya ile iliyo chini yake, ndiyo maana majukwaa ya uwanja uliochorwa vizuri hayanyooki, yanapinda kwenda juu, na magoti yako yanakuambia mapema kuliko macho kwamba umefika ghorofa ya pili.

Hapa ndipo njia za riadha zinapofanya ujanja wake. Ukiisogeza safu ya kwanza mbali, C inapatikana hata kwa ngazi za chini chini. Kwenye karatasi kila kitu ni sawa, hakuna aliyezibwa. Lakini kwa kuwa umekaa chini, unautazama mchezo kwa ubavu. Wachezaji wanafunikana, pasi ya kupenyeza huioni inapopita, na kuhusu kuotea unamwachia mshika kibendera na Mungu wake. Nilikuwa nadhani ni macho yangu yanazeeka.

Linganisha na uwanja wa Tottenham, London, uliofunguliwa mwaka 2019. Unaingiza watu 62,850, yaani karibu sawa na Kwa Mkapa. Jukwaa lake la kusini, nyuma ya goli, ni ukuta mmoja wa watu 17,500 bila kukatwa ghorofa, na safu ya mbele iko kama mita 5 kutoka kwenye mstari. Tano kwa 36. Sitaki kujua waliujenga kwa pesa ngapi, najua nyingi. Lakini kusogea karibu siyo jambo la pesa, ni uamuzi unaofanyika siku ya kwanza, penseli ikiwa bado mkononi.

Na jua nalo lina tabaka lake. Viwanja vingi vinaelekezwa kaskazini na kusini, ili jua la jioni lisimpige kipa machoni. Jukwaa kuu linakaa magharibi, jua likiwa mgongoni mwa waheshimiwa. Waliokaa mashariki wanalipokea usoni, ndiyo maana kwenye picha za mechi za saa kumi utawaona wameweka viganja juu ya nyusi, upande mzima, utadhani wanampigia mtu saluti.

Watu wengi wanapozungumzia uwanja wa kisasa wanamaanisha umbo la nje, lile linaloonekana vizuri kwenye video za droni. Hata mimi siwezi kujizuia. Qatar kwa Kombe la Dunia la 2022 walitutega sisi watu wa pwani kwa makusudi, nahisi. Al Janoub, kutoka ofisi ya Zaha Hadid, imechukua umbo lake kutoka matanga ya majahazi, na majahazi ya Ghuba ndiyo yaliyokuwa yakija kwetu na kaskazi na kurudi na kusi. Al Thumama ya msanifu wao Ibrahim Jaidah ni kofia. Kofia kabisa, gahfiya wanayovaa wanaume na watoto wa kiume wa Kiarabu, na nakshi zake za matundu matundu zimezunguka uwanja mzima. Mimi ni wa Pangani, babu yangu hakutoka nje bila kofia ya vitobo, kwa hiyo picha ile niliitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyompasa mtu mzima. Ila kilichonifurahisha zaidi ni ramani yake ya ndani: viti 40,000, hakuna njia za riadha, na kivuli kimefika kwa watu.

Ule ninaoupenda kuliko yote hauna umbo la kitu chochote. Uko Braga, Ureno, kazi ya Eduardo Souto de Moura, ulimalizika mwishoni mwa 2003 kwa ajili ya Euro ya mwaka uliofuata. Waliuchimbia kwenye machimbo ya mawe. Una majukwaa mawili tu, pande mbili ndefu, na mapaa yake yameunganishwa kwa nyaya za chuma zinazopita juu ya uwanja. Nyuma ya goli moja kuna mwamba, mwamba wenyewe uliochongwa. Nyuma ya goli lingine hakuna kitu, unaona bonde na mji. Tatizo langu la mita 36 Souto de Moura alilimaliza kwa njia ya mkato: nyuma ya goli hakuweka mtu!

Kila ninapouona huo uwanja naifikiria Mwanza. Mji wa miamba, mawe ukubwa wa nyumba yamekaa juu ya vilima hadi ziwani, na sisi kila tukisikia neno uwanja tunatafuta kwanza tambarare na greda. Siku nikipata kazi ya bure na muda wa kuchezea nitachora wangu, jukwaa moja limeegemea jiwe, ziwa upande wa pili. Mvua ikinyesha maji yatakwenda wapi, sijui bado, nitalifikiria.

Kuna jambo lingine ambalo droni hailioneshi, nalo ni geti. Tarehe 24 Januari 2022, uwanja wa Olembe, Yaoundé, mpya, wa watu 60,000, Kameruni wakicheza na Komoro, wale ndugu zetu waliolazimika kumsimamisha beki golini. Watu wanane walikufa nje, kwenye lango la kusini. Rais wa CAF, shirikisho la mpira la Afrika, Motsepe, alisema lango lililopaswa kuwa wazi lilikuwa limefungwa. Na sisi hapa, Machi 2021, watu 45 walikufa katika msongamano Uwanja wa Uhuru walipokwenda kumuaga Rais Magufuli. Hakukuwa na mechi.

Warumi walilijua hili. Ukumbi wao mkubwa wa Colosseum una matao 80 chini, na 76 kati yake yalikuwa milango ya watu wa kawaida, kila moja na namba yake imechongwa juu. Baadhi ya namba hizo zinasomeka hadi leo. Waingereza kwenye mwongozo wao wa usalama wanataka watu watoke jukwaani ndani ya dakika nane. Jana mimi na dogo tulitoka taratibu, nimemshika mkono, tumebanwa hadi miguu yake haikugusa chini kwa hatua chache, na ilikuwa mechi ya kawaida, watu wametulia. Sikuangalia saa. Nane hazikutosha.

AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda. Nairobi wanajenga Talanta, watu 60,000, wa mpira na raga, bila njia za kukimbilia, na Arusha kuna wetu wa 30,000. Picha zinamiminika kwenye makundi ya WhatsApp, zote za kutoka juu. Nimeomba kwa kila ninayemfahamu aliyekanyaga kwenye viwanja hivyo anipigie picha moja tu akiwa amekaa nyuma ya goli, safu ya kumi hivi. Mpaka sasa nimetumiwa picha za taa.

Kesho asubuhi namwona mteja wa Kibaha mwenye ghorofa moja. Anataka ngazi ya upana wa sentimita 80 ili sebule iongezeke. Nitambishia mpaka anipe mita moja na ishirini.