Waja leo, waondoka saa sita mchana

Watu wa Tanga wana msemo wao, "waja leo waondoka leo". Mi nasema aliyeutunga hakuwa na nyumba yenye matairi.

Sisi tunayo. Coaster kuukuu, Baba Nasra alimpa fundi akang'oa viti vyote, akaweka kitanda, jiko la gesi, kafriji na kile choo cha kubebeka cha kutia dawa. Wikiendi iliyopita tulikuwa ufukweni Kigombe, njia ya Pangani. Siku mbili za samaki, madafu na usingizi, sina malalamiko. Stori ni asubuhi ya kuondoka.

Usiku tulikubaliana saa kumi na mbili tuwe barabarani, nikaandika kabisa na orodha ya kazi za kuondoka za kutiki moja moja, maana mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 350 na malori ya kuanzia Segera mnayajua. Saa kumi na mbili ikatukuta tunachemsha chai. Saa moja jirani zetu, mzee wa Kijerumani na mkewe wenye lori lao la kulala, wakatoka, hawakusemeshana hata neno, bibi akazunguka gari mara moja, mzee akawasha, wakatupungia, hao. Dakika kumi tu. Mimi nimesimama na sufuria yenye masizi nawatazama.

Kwetu sasa. Turubai limelowa umande na limejaa mchanga, ukilikunja hivyohivyo likifika Dar linanuka uvundo, ukisema ulianike kwanza ndo umeshaghairi safari. Friji lazima mlango ufungwe kwa kamba, safari ya kwanza hatukufunga, kona ya kwanza tu trei zima la mayai likashuka. Gesi inafungwa kwenye mtungi, sio kwenye jiko peke yake (hapo sitanii jamani). Halafu choo. Choo huwa ni zamu ya mtu ambaye ghafla asubuhi hiyo mgongo unambana.

Kwenye kufungasha ndo vitu vilivyopotea vinajitokeza. Si mnajua Kigombe imo ndani ya hifadhi ya silikanti, yule samaki ambaye wanasayansi walijua ametoweka tangu enzi za dinosaria mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938? Basi na sisi tulipata wa kwetu, mfuniko wa chupa ya chai, uliopotea tangu Krismasi na ukasababisha ugomvi na wifi yangu, umekaa zake chini ya godoro. Wifi kama unasoma, samahani.

Tukiwa tumeshafunga kila kitu Nasra anaanza kulia eti "Kaka" hayupo. Kaka ni nani? Ni kaa, wale wadogo wanaotembea na gamba la konokono mgongoni, alimficha kwenye kiatu cha baba yake. Tukamwaga mabegi yote chini. Kumbe mwenzetu alishaondoka na nyumba yake usiku, bila orodha wala kelele.

Ikabaki rivasi. Hapo mimi nageuka utingo. "Njoo, njoo, kata kulia... kulia kwako Baba Nasra, sio kwangu! Nyoosha. Njoo, njoo, SIMAMAAA!" Mnazi ulikuwa umebakiza kama vidole vitatu. Yeye anatoa kichwa dirishani ananiuliza kwa upole kabisa, ule upole wenye hasira ndani, "Mama Nasra, 'njoo' na 'simama' zinawezaje kutoka kwa pumzi moja?" Tukarudia mara nne, mara ya tano tukakumbuka zile mbao za kusawazishia gari bado ziko chini ya tairi. Mzee mlinzi muda wote kakaa kwenye kigoda na kikombe chake cha kahawa, mwisho akashindwa kuvumilia: "Binti yangu, mnahama au ndo mnahamia?"

Saa sita kasoro tukaondoka kwa honi na kila mtu amenuna.

Tanga mjini tukaingia sheli kujaza mafuta. Kijana wa pampu akazunguka nyuma, akarudi anajikaza asicheke. "Shikamoo mama. Huu waya mnaoburuza ni wa kwenu?"

Ekstensheni ya umeme, mita karibu kumi, kichwa cha plagi kimesagika chote. Nikaitoa ile orodha kwenye pochi. Nilikuwa nimeandika mwenyewe "kuchomoa waya", na pembeni pana tiki kubwa ya peni nyekundu. Mwenye peni nyekundu akaniambia anaenda kucheki upepo wa matairi.